Krimu za kupaka kwa mwanamke anayeota ndevu: ipi inamfaa nani

Mwanamke anayeota nywele ngumu kidevuni, shavuni au juu ya mdomo akianza kutafuta dawa ya kupaka, hukutana na bidhaa za aina nne zilizochanganywa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ipo krimu ya kuyeyusha nywele, inayofanya kazi kwa dakika chache. Ipo dawa ya cheti, eflonithini, inayopunguza kasi ya nywele kuota lakini haiondoi hata unywele mmoja. Ipo ya kupausha, inayobadili rangi ya nywele tu. Na zipo krimu za kuzuia homoni kwenye ngozi, ambazo sifa zake zimeutangulia mbali ushahidi wake. Anayenunua moja akitarajia kazi ya nyingine hupoteza pesa na miezi kadhaa, na wakati mwingine hubaki na ngozi iliyoungua na madoa meusi yanayodumu kuliko nywele zenyewe.

Nitazipima zote nne, ila sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazistahili nafasi sawa. Mchuano wa kweli uko kati ya mbili za kwanza.

Kwanza, ni nywele gani hizo?

Malaika, zile nywele fupi laini zinazofunika uso na mikono, kila mwanamke anazo na hazihitaji dawa. Ninazozungumzia hapa ni nywele nene, ngumu na nyeusi zinazoota mahali ambapo kwa kawaida huota kwa wanaume: kidevuni, juu ya mdomo, kifuani, chini ya kitovu, mgongoni. Madaktari huiita hali hii hirsutizimu, na huwapata wanawake 5 hadi 10 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Ni wengi sana. Lakini kwa kuwa karibu kila mmoja anajificha, kila mmoja anadhani yuko peke yake, na upweke huo huwaumiza watu kuliko nywele.

Chanzo kikubwa ni androjeni, homoni kama testosteroni ambazo wanawake wote wanazo kwa kiasi kidogo. Zikizidi, au mizizi ya nywele ikiwa na hisia kali kwazo, malaika hugeuka taratibu kuwa ndevu. Kati ya wanawake 10 wenye tatizo hili, 7 au 8 hukutwa na PCOS, ile hali ya homoni na ovari ambayo mara nyingi huambatana na hedhi isiyo na mpangilio, chunusi na uzito unaopanda. Wengine hawaonyeshi kasoro yoyote katika vipimo. Ni mizizi yao tu iliyo myepesi kuitikia homoni.

Kuna sababu nyingine ambazo zenyewe hupakwa, na ni vizuri uzikague kabla hujanunua chochote. Krimu zenye steroidi kali, ambazo watu huzitumia kwa miezi ili kung'arisha uso, zinaweza kuotesha nywele pale pale zinapopakwa. Minoksidili inayopakwa kichwani kwa ajili ya nywele zinazokatika inaweza kuotesha nywele kwenye paji la uso na mashavu. Na kama unaishi na mwanaume anayepaka jeli ya testosteroni, dawa hiyo inaweza kukufikia kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Katika hali hizi, kuongeza krimu ya pili juu ya ya kwanza ni kupoteza muda, ondoa chanzo. Steroidi iliyotumika muda mrefu isiachwe ghafla bila kuongea na daktari, kwa kuwa ngozi inaweza kuwaka vibaya.

Tena zipo dalili ambazo hazisubiri krimu ya aina yoyote. Nywele zilizozidi kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti kuwa nzito, kipara cha mbele, misuli kutuna bila mazoezi, kinembe kuongezeka ukubwa, hedhi kukatika, au nywele kuanza baada ya kukoma hedhi: nenda hospitali, ukapimwe homoni na ovari na tezi zilizo juu ya figo. Mara chache huwa ni uvimbe unaotoa androjeni, na huo unataka kugunduliwa mapema.

Eflonithini: inayopunguza kasi

Hii ndiyo dawa ya kupaka iliyopitishwa rasmi mahususi kwa nywele za usoni za wanawake. Marekani iliiidhinisha mwaka 2000 kwa jina la Vaniqa, na Ulaya ikafuata. Kwenye boksi unaweza kukuta asilimia 13.9 au 11.5 kutegemea nchi ilikotoka. Usihangaike na tofauti hiyo, wala usilipe zaidi kwa ajili ya namba kubwa: ni nguvu ile ile, moja imehesabiwa pamoja na chumvi yake, yaani kemikali iliyounganishwa na dawa, na nyingine imehesabu dawa peke yake.

Historia yake inawahusu wengi wa kwetu kuliko wanavyojua. Eflonithini ilianza kama dawa ya saratani, kisha ikaonekana inatibu malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1990 iliidhinishwa kwa malale, na kwa sababu wagonjwa waliokuwa wamezimia waliamka, ikaitwa dawa ya ufufuo. Miaka michache baadaye utengenezaji wa ile ya sindano ukasimamishwa kwa kukosa faida, wakati krimu ya uso ikielekea sokoni katika nchi tajiri. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipiga kelele, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa tena kwa wagonjwa wa malale. Sisemi haya ili mtu aone aibu kuipaka. Nayasema kwa sababu dawa hii si kipodozi kipya cha kubahatisha. Tabia zake mwilini zimejulikana kwa miongo kadhaa.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Ndani ya mzizi wa nywele kuna kimeng'enya ambacho seli hukihitaji ili zigawanyike na kurefusha unywele. Eflonithini hukishika kimeng'enya hicho na kukizima. Mzizi haufi, hupunguza mwendo tu. Nywele huota polepole, na baada ya muda baadhi huwa laini na nyembamba. Kiasi kinachopenya hadi kwenye damu ni kidogo, chini ya asilimia 1 ya kilichopakwa, hivyo haigusi homoni zako kwa upande wowote, wa heri wala wa shari. Kama una PCOS, hedhi yako haitabadilika kwa krimu hii.

Hupakwa mara mbili kwa siku, na kati ya kupaka na kupaka zipite angalau saa 8. Uso usioshwe kwa saa 4 baada ya kupaka. Vipodozi na krimu ya jua unaweza kupaka juu yake ikishakauka. Ukinyoa au kung'oa, subiri walau dakika 5 kabla ya kupaka. Ndiyo, utaendelea kunyoa au kung'oa, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa sababu muuzaji hakuwaambia. Mafanikio ya krimu hii hayaonekani kwa kutoweka kwa ndevu. Yanaonekana pale aliyekuwa akishika kibano kila asubuhi anapogundua kwamba sasa ni mara mbili kwa wiki.

Matokeo huanza kuonekana kati ya wiki 4 na 8. Katika majaribio yaliyotumika kuiidhinisha, baada ya wiki 24 wanawake 32 kati ya 100 walipata nafuu kubwa inayoonekana kwa macho, ikilinganishwa na 8 kati ya 100 waliopaka krimu tupu. Hebu soma takwimu hiyo kwa pande zote mbili: inafanya kazi kweli, na zaidi ya nusu ya wanaoitumia hawapati nafuu kubwa. Kuna jingine ambalo matangazo hayalitaji. Walipotenganishwa kwa rangi, wanawake weupe waliofanikiwa walikuwa 37 kati ya 100, na weusi 22 kati ya 100. Kwa msomaji mweusi, basi, matarajio ya haki ni karibu mmoja kati ya watano. Bado ni bora mara kadhaa kuliko krimu tupu, na ningeijaribu, lakini ningeijaribu macho yakiwa wazi.

Ukiiacha, baada ya wiki 8 hivi nywele hurudi zilivyokuwa. Haziwi mbaya zaidi ya mwanzo, ila zinarudi. Kwa hiyo ni mzigo wa kudumu wa pesa na wa nidhamu.

Madhara yake ni ya ngozi: kuwasha, kuchonyota, wekundu, ukavu, na vipele vinavyofanana na chunusi. Kwa wengi huisha baada ya kuzoea au kwa kupunguza hadi mara moja kwa siku kwa muda. Usiipake palipochubuka. Imeidhinishwa kwa uso na chini ya kidevu tu, si kifua wala tumbo. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha haishauriwi, na haijathibitishwa kuwa salama kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Krimu ya kuyeyusha nywele: ya papo kwa papo

Hizi hazihitaji cheti. Kemikali yake, mara nyingi aina ya thioglikoleti, huvunja vifungo vinavyoipa ugumu keratini, protini inayounda nywele, na mchanganyiko wenyewe una alikali kali ili unywele uvimbe na kulainika. Baada ya dakika 5 hadi 10 unazipangusa kama uji. Hazifiki kwenye mzizi, hivyo baada ya siku chache hadi wiki nywele zimesharudi juu ya ngozi. Harufu yake ya salfa haifichiki hata watengenezaji waongeze manukato kiasi gani.

Shida yake iko wazi ukifikiri kidogo: ngozi nayo ina keratini. Kemikali haijui kutofautisha ndevu na shavu. Kinacholinda shavu ni muda tu. Ndevu za mwanamke mwenye hirsutizimu ni nene kuliko malaika ambazo krimu nyingi za uso zimekusudiwa, na zinataka dakika nyingi. Ngozi ya uso, hasa juu ya mdomo, inavumilia dakika chache. Hapo katikati ndipo watu huungua. Mtu anaona dakika zilizoandikwa zimeisha na nywele bado ziko, anaongeza tatu, na kesho yake ana alama nyeusi yenye umbo la masharubu. Nimeiona alama hiyo kwa wanawake wanaokuja kuuliza dawa ya madoa, na kuifuta huchukua miezi.

Ikiwa utaitumia, chagua iliyoandikwa kuwa ni ya uso, wala si ile ya miguu na makwapa. Ijaribu kwenye sehemu ndogo ya taya na usubiri saa 24. Weka saa ikuamshe, usikisie. Isikaribie macho wala tundu za pua. Usiitumie mara tu baada ya kuoga maji ya moto, wala juu ya uso unaopakwa tretinoini au retinoidi nyingine (dawa za jamii ya vitamini A, kama zile za chunusi), wala dawa za kumenya ngozi. Ngozi hiyo tayari ni nyembamba. Muda wa maelezo ukiisha na nywele zikabaki, toa, osha, na ukubali kwamba krimu hii haikufai.

Lakini ina sifa moja ambayo sitaki ipotee. Kwa wenye nywele za kujikunja, wembe unaokata kwa karibu huacha ncha kali inayojipinda na kuingia tena ndani ya ngozi, na vipele vya ndevu hufuata. Krimu ya kuyeyusha huacha ncha butu na laini, na ndiyo maana kwa miaka mingi imekuwa mojawapo ya njia zinazopendekezwa kwa wanaume weusi wenye vipele hivyo. Kwa mwanamke mwenye tatizo kama hilo na ngozi isiyo nyepesi kuwaka, huenda ikamfaa kuliko wembe na kuliko kibano.

Ukiziweka hizi mbili ubavu kwa ubavu

Kwa haraka, ya kuyeyusha inashinda bila ubishi: dakika dhidi ya wiki. Mwenye shughuli Jumamosi hawezi kusaidiwa na eflonithini aliyoinunua Alhamisi.

Kwa kudumu, jibu si rahisi kama linavyosikika. Eflonithini hudumu kadiri unavyoipaka, basi. Tofauti yake ni kwamba kazi yake hujijenga. Mwezi wa tatu ni mzuri kuliko wa kwanza, ilhali krimu ya kuyeyusha ya mara ya hamsini inaleta kile kile cha mara ya kwanza, na ngozi huenda imechoka zaidi.

Kwa ngozi nyeusi, ndiko ninakokazia zaidi. Ngozi yenye rangi nyingi hujibu kila muwasho kwa kutengeneza doa. Ukiungua kidogo, ukijikuna, ukitoboa kipele, unabaki na alama. Kwa kipimo hicho eflonithini ni salama zaidi, kwa sababu muwasho wake kwa kawaida ni mdogo na unaweza kuudhibiti kwa kupunguza dozi. Kosa moja la krimu ya kuyeyusha linatosha kukuachia doa la nusu mwaka. Anayejua kwamba ngozi yake hushika madoa kwa urahisi asianze na kuyeyusha.

Kwa gharama na upatikanaji, kuyeyusha ni nafuu na ipo karibu kila mahali. Eflonithini ni ghali, inataka cheti, na katika nchi kadhaa haipo madukani kabisa. Pengo hilo limezaa wauzaji wa mitandaoni wenye mirija isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Krimu isiyojulikana inayopakwa usoni mara mbili kwa siku inaweza kuwa na chochote, ikiwemo ile steroidi niliyosema huotesha nywele. Kama haipatikani kwa mfamasia anayeweza kukuonyesha boksi, afadhali uikose.

Wala si lazima uchague moja na kuitupa nyingine. Eflonithini inahitaji njia ya kuondoa nywele pembeni yake, na kwa baadhi ya watu njia hiyo inaweza kuwa krimu ya kuyeyusha. Mimi kwa kawaida huelekeza kwenye mashine ndogo ya umeme ya kunyolea uso, isiyokata kwa karibu sana, kwa vile kuziweka kemikali mbili kwenye kidevu kimoja ni kuongeza nafasi ya kuwashwa.

Ya kupausha, kwa ufupi

Haidrojeni peroksaidi huondoa rangi ya unywele. Kwa ngozi nyeupe yenye malaika nyeusi inaficha vizuri. Kwa ngozi nyeusi hufanya kinyume, kwa kuwa nywele za rangi ya dhahabu juu ya shavu la kahawia huonekana toka mbali kuliko zilivyokuwa nyeusi, na ngozi chini yake inaweza kuwashwa au kupauka kwa mabaka. Kama ngozi yako ni nyeusi au ya maji ya kunde, iruke.

Za kuzuia homoni, na zile za mimea

Wazo la krimu ya spironolaktoni au finasteraidi linavutia: zuia androjeni pale pale kwenye mzizi, bila kumeza kidonge. Tafiti zilizofanyika ni ndogo na hazikubaliani, na mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha kimataifa cha madaktari wa homoni ulishauri zisitumike kwa tatizo hili. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha krimu ya klaskoteroni, inayozuia androjeni kwenye ngozi, lakini ni kwa ajili ya chunusi. Huenda siku moja kitu kizuri kitatoka upande huu. Kwa leo, sioni sababu ya kulipia. Finasteraidi ina hatari ya ziada: inaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni, kiasi kwamba mjamzito hashauriwi hata kushika vidonge vilivyovunjika. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiipake kwa kuelekezwa na muuzaji tu.

Upande wa mimea, shamari ndiyo iliyopimwa kidogo. Utafiti mdogo kutoka Iran mwaka 2003 ulionyesha kwamba krimu yenye shamari ilipunguza unene wa nywele kwa kiasi fulani. Ni mwanzo wa kutia moyo na hauna zaidi ya hapo. Manjano, limau na sukari haviigusi kasi ya nywele. Vinachofanya ni kusugua ngozi, na limau juani huacha mabaka ya kuungua.

Na visivyo krimu?

Haitakuwa haki kulinganisha krimu kwa krimu tu kana kwamba hakuna kingine. Kunyoa kumesingiziwa sana. Tangu mwaka 1928 ilipimwa na ikaonekana kwamba kunyoa hakuongezi unene wala kasi ya nywele; unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana unachoma mkononi na kuonekana mnene. Wanawake wengi wanaovumilia maumivu ya waksi kwa kuogopa wembe wangepata nafuu kwa mashine ya kunyolea. Waksi, uzi na kibano vinang'oa hadi mzizi na hudumu wiki kadhaa, ila juu ya nywele za kujikunja huleta nywele zinazootea ndani, vipele na madoa.

Leza ndiyo inayopunguza nywele kwa muda mrefu kuliko krimu yoyote, na kwa ngozi nyeusi inapaswa kuwa ya mawimbi marefu, hasa Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mawimbi mafupi hunaswa na rangi ya ngozi yenyewe na kuiunguza. Uliza jina la mashine kabla ya kulala kitandani. Kliniki isiyoweza kukujibu, toka. Haifanyi kazi kwa nywele nyeupe, na kwa wachache, hasa usoni kwa wenye homoni zilizozidi, huamsha nywele mpya pembezoni. Eflonithini ikipakwa katika kipindi cha leza huharakisha matokeo, na kwa maoni yangu hapo ndipo matumizi yake yenye thamani zaidi kwa anayemudu vyote viwili. Umeme wa sindano, unaoua mzizi mmoja mmoja, ndio pekee unaohesabiwa kuwa unaondoa nywele kabisa, na haujali rangi ya ngozi wala ya unywele. Ila unataka subira na fundi aliyebobea, la sivyo unaacha makovu.

Na kwa mwenye PCOS, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili ndivyo madaktari wengi huanza navyo kama hakuna kizuizi, vikipewa angalau miezi 6 kabla ya kuhukumiwa. Krimu ikisaidiana na tiba ya ndani hufanya kazi yake vizuri. Ikiachwa peke yake ipambane na homoni zinazozidi kuotesha, inafanya kazi ya kuchota maji huku bomba likiwa wazi.

Basi uchague nini?

Kama una nywele chache kidevuni, vipimo vyako ni vya kawaida na hutaki dawa za kila siku, mashine ya kunyolea au kibano kwa uangalifu vinatosha, na krimu hazikuongezei kitu. Kama nywele ni nyingi, zinarudi kila siku, na ngozi yako hushika madoa, anza na eflonithini pamoja na kunyoa kwa mashine, ukiwa umepimwa. Kama ngozi yako ni imara, wembe unakuletea vipele na eflonithini haipatikani ulipo, krimu ya kuyeyusha ya uso kwa kufuata dakika ni chaguo halali. Mjamzito na anayenyonyesha wabaki na kunyoa mpaka wakati huo upite. Msichana ambaye hajavunja ungo na tayari anaota ndevu apelekwe kwa daktari kwanza. Mama asimnunulie chochote cha kupaka kabla ya hapo.

Ukianza eflonithini, piga picha ya kidevu siku ya kwanza kwenye mwanga wa dirishani, saa 48 baada ya kunyoa, kisha rudia kila mwezi kwa mwanga ule ule na saa zile zile, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole. Andika pia unanyoa mara ngapi kwa wiki. Mwezi wa nne, weka picha zote pamoja. Kama hazitofautiani na idadi ya kunyoa haijapungua, acha krimu, na pesa ya mrija unaofuata itumie kumwona daktari wa homoni au wa ngozi.